Maswali Yenu: Pasipoti ya Tanzania, Kura ya Uingereza

Barua za Desemba hii ya 2025 nyingi zimetoka Uingereza, na nyingi zimeandikwa kwa hofu. Nimechagua chache. Wanaouliza habari za viza za wanafunzi wasubiri Januari. Leo ni siasa tupu, na mimi siasa sizungumzi kwa upole.

Shikamoo Bi Mwalimu. Nafanya kazi ya kulea wazee hapa Northampton tangu 2022. Nilikuja kwa viza ya kazi, nikaambiwa nikitimiza miaka 5 nitaomba ukaazi wa kudumu. Sasa nasikia itakuwa miaka 15. Wenzangu kazini wanasema tupige kelele, lakini mimi naona siasa za hapa hazinihusu, uraia sina, pasipoti yangu ni ya Tanzania. Kuna la kufanya zaidi ya kumwomba Mungu? — Mama K., Northampton

Marahaba mwanangu. Mungu endelea kumwomba, ila Mungu naye anajua kwamba una kura.

Naam, kura ya kumchagua mbunge wa Uingereza, ukiwa na pasipoti yako hiyo hiyo ya Tanzania. Sheria ya hapa inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, aliye na kibali halali cha kuishi Uingereza, kujiandikisha na kupiga kura kwenye uchaguzi wa wabunge na wa madiwani pia. Ni mabaki ya dola yao: dola iliondoka, kifungu kikabaki, na hakuna aliyejishughulisha kukifuta. Mpolandi aliyekaa hapa miaka 20 bila kuchukua uraia hamchagui mbunge. Mfaransa vilevile. Wewe wa Tanzania, jirani yako wa Kenya na yule wa Uganda mnamchagua.

Najua ninachosema kwa sababu uchaguzi unapofika mimi hufanya kazi ya ukarani kwenye kituo cha kura hapa Leicester. Tunafungua saa 1 asubuhi, tunafunga saa 4 usiku. Kazi yetu ni kulitafuta jina la mtu kwenye daftari, kutazama kitambulisho chake, kulipigia jina mstari na kumkabidhi karatasi. Wageni wasioruhusiwa kuchagua mbunge majina yao yana alama pembeni. Majina ya watu wetu hayana alama yoyote, yamekaa sawasawa na ya Mwingereza aliyezaliwa mtaa wa pili. Na kutwa nzima nayaona: Mwanaidi, Otieno, Mukasa, hayajapigiwa mstari mpaka tunafunga. Hao angalau wamejiandikisha. Wengine daftarini hawamo kabisa, kwa sababu ile barua ya halmashauri inayokuja kila mwaka waliitupa wakidhani ni tangazo la piza.

Sasa hiyo miaka 15. Novemba 20 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alilieleza Bunge pendekezo lake: muda wa kawaida wa kungoja ukaazi wa kudumu utoke miaka 5 uwe 10, na walio kwenye kazi zisizohitaji digrii, walezi mkiwamo, wangoje 15. Anataka liwaguse hata mliokwisha kuingia. Bado ni pendekezo, maoni yanapokelewa hadi Februari 12, 2026, na mlezi yeyote anaweza kuandika yake. Yaandike.

Mimi naliona ni dhuluma, na nitasema kwa nini. Ninyi hamkuruka ukuta. Mliitwa. Februari 2022 serikali ya chama cha Conservative iliwafungulia walezi viza kwa sababu nyumba za wazee zilikuwa hazina watu. Machi 2024 ikawakataza walezi wapya kuja na watoto wao. Julai 2025 serikali ya chama cha Labour, kilichoingia madarakani 2024, ikaufunga kabisa mlango wa walezi kutoka nje. Sasa waliomo ndani wanaongezewa miaka. Ada ya kuomba ukaazi peke yake mwaka huu wa 2025 imefika pauni 3,029 kwa kila kichwa, na hiyo hakuna aliyependekeza ipunguzwe.

Na ngoja nikuudhi kidogo. Mei 1, 2025 huko kwenu kulikuwa na uchaguzi wa madiwani, na halmashauri ya West Northamptonshire ikachukuliwa na Reform UK, chama cha Nigel Farage. Halmashauri ndiyo inayolipia huduma za wazee wengi wasiojiweza. Kwa hiyo fedha za bibi unayemwogesha asubuhi zinapangwa na chama ambacho Septemba kilitangaza kwamba kikishika serikali kitaufuta ukaazi wa kudumu wote, hata wa waliokwisha kuupata. Siku ile ulikuwa na haki ya kura. Ulikuwa wapi?

Kujiandikisha ni kazi ya dakika chache mtandaoni, na namba yako ya National Insurance, ile ya bima ya taifa unayotumia kazini, mkononi. Penye uraia andika Tanzania. Usiandike British hata kwa bahati mbaya, maana kujidai raia wakati huna uraia ni kosa litakalokuandama. Siku ya kura pasipoti ya Tanzania inakubalika kuwa kitambulisho, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Na faida nyingine ambayo wenzako hawaijui: mashirika yanayopima kama unakopesheka hulitazama daftari hilo hilo. Wengi mnaonyimwa mkataba wa simu tatizo lenu liko hapo.

Salaam aleikum Bi Mwalimu. Labour walishinda kwa kishindo 2024. Mbona mwaka mmoja tu baadaye wanaonekana wamechoka kama chama kilichotawala miaka 20? — S.O., Mombasa

Waaleikum salaam. Kwa sababu kishindo chenyewe kilikuwa cha viti. Kura hazikuwapo. Julai 4, 2024 Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura ikapewa viti 411 kati ya 650. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 60 ya walioandikishwa. Piga hesabu: katika kila watano waliomo daftarini, mmoja tu ndiye aliyeichagua serikali ya Waziri Mkuu Keir Starmer. Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour kabla yake, ambaye chama chenyewe kilikuja kumfukuza, alipata asilimia 40 mwaka 2017 na akashindwa. Kura zake zilikaribia milioni 13, za Starmer hazikufika milioni 10.

Ubunge wao ni kama wenu wa Kenya: anayeongoza jimboni kachukua, hata akizidi kwa kura moja. Ila ninyi mna rais anayetakiwa kuvuka nusu ya kura, na wao hicho kizingiti hawana. Ndiyo maana Reform ilipata kura zaidi ya milioni 4, asilimia 14, ikaambulia wabunge 5, na Liberal Democrats kwa asilimia 12 wakavuna 72, kwa kuwa kura zao zimerundikana kwenye majimbo ya kusini. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kama wanataka njia nyingine ya kuhesabu kura, na asilimia 68 wakasema hapana. Kwa hiyo wasilie.

Mfumo huu Labour waliupenda sana asubuhi ya Julai 5. Sitashangaa ukija kuwazika. Karibu mwaka huu wote Reform imeongoza kwenye kura za maoni ikiwa na takriban asilimia 30, na vyama vikigawana kura vipande vitano, asilimia 30 inatosha kumtia mtu Downing Street, nyumba ya waziri mkuu. Mei 2025 kwenye uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, jimbo ambalo Labour ilikuwa imelishinda vizuri tu mwaka uliotangulia, Reform ilishinda kwa kura 6. Sita! Familia moja ya Wakenya ingekwenda kituoni badala ya kulala, mbunge angekuwa mwingine.

Ukiniuliza walipoharibikiwa, wengi watakutajia mashua za wahamiaji zinazovuka kutoka Ufaransa. Mimi naanza na wazee. Wiki chache tu baada ya kuingia, serikali iliwaondolea wastaafu karibu milioni 10 ruzuku ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Juni 2025 ikarudi nyuma na kuwarudishia wengi wao, lakini mzee aliyeketi na blanketi Januari hasahau kwa tangazo la Juni. Hapa Leicester nimewasikia kituoni kwa masikio yangu, bibi wa Kizungu mpole kabisa, anasema kwa sauti nzima kwamba amekuja kumwadhibu mtu. Hakutaja mhamiaji hata mmoja.

Badala ya kulitazama hilo, Starmer akaamua kumfukuzia Farage kwenye uwanja wa Farage. Mei 12, 2025 akasema Uingereza iko hatarini kugeuka kisiwa cha wasiojuana. Juni akakiri anajuta kuyasema. Novemba 17 Mahmood akatangaza sheria za hifadhi kwa kuiga Denmark: mkimbizi kuchunguzwa upya kila miezi 30, na kungoja miaka 20 kabla ya ukaazi wa kudumu. Siku iliyofuata, Novemba 18, Denmark yenyewe ilikuwa na uchaguzi wa mitaa, na chama cha waziri mkuu Mette Frederiksen, hicho hicho kinachoigwa, kikapoteza umeya wa Copenhagen kilioushika kwa miongo mingi. Wakaupoteza kwa upande wa kushoto. Magazeti ya London yaliandika habari zote mbili wiki ile ile, na sikuona waziri aliyeziunganisha.

Mwalimu, hivi Sunak, Priti Patel na Suella Braverman si watoto wa Wahindi wa kwetu? Wazazi wao walipokelewa Uingereza, halafu wao ndio waliotaka kuwapakia watu ndege kuwaleta Rwanda. Hiyo roho inatoka wapi? — J.B., Kampala

Ni wa kwetu kweli. Mama yake Rishi Sunak alizaliwa Tanganyika, baba yake Kenya. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda. Baba yake Suella Braverman alitoka Kenya. Patel alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ulipotangazwa Aprili 2022, Braverman aliyemfuata wizarani akaupigania kuliko hata aliyeuanzisha, na Sunak akiwa waziri mkuu akaupitishia sheria Aprili 2024, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu kuukataa. Labour walipoingia waliufuta, wakasema umekwisha kula pauni milioni 700. Waliopelekwa Kigali walikuwa wanne, na wote walikwenda kwa hiari yao.

Lakini hapo kwenye "walipokelewa" naomba tusimame. Nani aliwapokea? Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuja kwa wingi, Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu tu. Serikali ilikuwa ya Labour, ya Harold Wilson, na waziri mhusika alikuwa James Callaghan, aliyekuja baadaye kuwa waziri mkuu. Pasipoti ya nchi yao wenyewe ikawa haiwafungulii mlango. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza wa Uganda, halmashauri ya mji huu ninaokaa mimi ilinunua tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia: msije Leicester. Wakaja. Leo ukipita Belgrave Road maduka ni yao, na wazee wao wa Jinja na Kampala wakisikia lafudhi yangu ya Tanga wananiamkia kwa Kiswahili na kunipunguzia bei ya bamia.

Kwa hiyo mimi sioni ajabu ya damu hapo. Aliyelelewa akisikia kwamba babu alikuja na stakabadhi zake, akasimama foleni, akafungua duka, akalipa kodi, anakua akijiona ni wa aina moja na yule wa kwenye mashua ya mpira ni wa aina nyingine. Akiingia Conservative, chama kinampenda zaidi kadiri anavyosema maneno ambayo Mzungu mwenzao akiyasema ataitwa mbaguzi. Wamewatumia vizuri sana hapo. Na usidhani ni ugonjwa wa Conservative peke yao: Mahmood ni mtoto wa wahamiaji kutoka Kashmir ya Pakistan.

Acheni kutafuta sura inayofanana na zenu kwenye karatasi ya kura. Tazameni aliyesimama anapigia kura nini bungeni. Hapa Leicester South mwaka 2024 watu walifanya hivyo. Jonathan Ashworth wa Labour alikuwa anatajwa kuwa waziri kesho yake. Watu wakamuuliza kuhusu Gaza, hawakuridhika na jibu, akaangushwa na mgombea huru, Shockat Adam, kwa kura 979.

Bi Mwalimu, huku Muscat tunatazama habari mpaka tunacheka. Ufaransa hii ina mawaziri wakuu wangapi? Au Ulaya nzima sasa inakwenda kwa kina Le Pen? — Abu S., Muscat

Cheka taratibu. Rais Macron alilivunja Bunge Juni 2024 bila kulazimishwa na mtu, akapata Bunge la makundi matatu yasiyosikilizana. Hesabu mawaziri wakuu: Barnier akaangushwa Desemba 2024, Bayrou Septemba 2025, Lecornu akajiuzulu Oktoba 6 baraza lake likiwa halijamaliza hata siku moja, na siku nne baadaye akateuliwa tena huyo huyo. Marine Le Pen mwenyewe, kinara wa mrengo mkali wa kulia, Machi 31 alipatikana na hatia ya kutumia vibaya fedha za Bunge la Ulaya, akazuiwa kugombea kwa miaka 5. Amekata rufaa.

Kuhusu Ulaya nzima, hapana. Ujerumani chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, kilipata asilimia 20.8 Februari, hilo ni kubwa na si la kuficha, lakini bado hakuna anayekubali kuunda nacho serikali ya shirikisho. Uholanzi Geert Wilders, mpinga wahamiaji, aliongoza uchaguzi wa 2023 kwa viti 37, akaivunja mwenyewe serikali aliyokuwamo, na Oktoba hii akashuka hadi 26, chama cha D66 cha Rob Jetten kikimtangulia kwa kura chache. Wales, kwenye uchaguzi mdogo wa Caerphilly Oktoba 23, watu walisema Reform inachukua. Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, ikachukua. Ninachokiona mimi ni nchi ambazo vyama vyake vikubwa vya zamani vimepungua mwili, na mshindi anapatikana kwa nani alitoka nyumbani siku hiyo. Lakini nalirudia mno hili, twende mbele.

Shikamoo Mwalimu. Mradi wa afya ninaofanyia kazi ulikuwa unapata fedha za Uingereza, umefungwa. Wanasema fedha zimekwenda kununua silaha za kujihami na Urusi. Ni kweli? — Muuguzi, Kigoma

Marahaba, na pole. Ni kweli kwa sehemu. Msaada wao ulikuwa asilimia 0.7 ya pato la taifa, Conservative wakaushusha hadi 0.5, na Februari 25, 2025 Starmer akatangaza utashuka hadi 0.3 ifikapo 2027 ili bajeti ya ulinzi ipande hadi asilimia 2.5. Anneliese Dodds, waziri aliyesimamia msaada, alijiuzulu. Heshima yake.

Lakini wasichokuambia ni kwamba hata kabla ya hapo fedha nyingi zilikuwa hazivuki bahari. Kanuni zinawaruhusu kuhesabu gharama za waomba hifadhi ndani ya nchi yao kuwa ni msaada kwa maskini wa dunia. Mwaka 2023 pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya msaada wote, zilitumika hapa hapa Uingereza, nyingi kwenye bili za hoteli. Wenye hoteli na kampuni za kati wakanenepa, Mwingereza akaambiwa wakimbizi wanakula kodi yake, na wewe Kigoma ukaambiwa umesaidiwa. Kama mradi wenu una wafadhili wengine wa Ulaya, waulize mapema bajeti yao ya 2027. Ujerumani na Ufaransa nao wanapunguza.

Mama, jambo. Mimi ni wa Bukavu, niko huku Leeds, na makaratasi yangu ni ya ukimbizi. Mwenzangu Mnyarwanda anasema yeye anapiga kura ya hapa. Anadanganya ao ni kweli? Na mimi je? — Papa D., Leeds

Jambo sana, Papa D. Hadanganyi. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009 ingawa haikutawaliwa na Waingereza, kwa hiyo akiwa na kibali anapiga. Kongo haimo, na Burundi haimo. Wewe huna haki hiyo mpaka upate uraia, na kwa mapendekezo ya Mahmood njia hiyo inarefushwa. Ukimbizi wenyewe hauongezi wala haupunguzi kitu hapo. Ni pasipoti ya nchi gani, basi.

Ila mwishoni mwa barua yako, mahali nilipofupisha, umetaja kwamba mke wako ni wa Nakuru. Huyo anaweza. Leeds wanachagua madiwani Mei 7, 2026, na daftari linafungwa siku 12 za kazi kabla ya hapo. Kama kazi zake ni za zamu za usiku, aombe kura ya posta mapema. Fomu inataka sahihi yake, na sahihi hiyo wataifananisha na ile atakayoitia siku ya kutuma kura, basi aandike ile aliyoizoea, asiandike ya madoido.